Kurejesha Ningu Katika Mito ya Ziwa Victoria: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila inapozuka habari ya kurejesha ningu, samaki wa asili wa Ziwa Victoria na mito yake, swali la kwanza linaloulizwa ni moja: tutawapata wapi vifaranga? Linaulizwa na viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), na walimu wanaosimamia klabu za mazingira, na hata na wafadhili waliokwisha kutenga fedha. Mwongozo huu unajibu swali hilo pamoja na mengine yanayofuatana nalo, na jibu lenyewe ni kwamba vifaranga ni hatua ya karibu na mwisho, tena katika mito mingi hutawahitaji kabisa. Ningu akifunguliwa njia ya kupanda mtoni wakati wa mvua, akaachwa azae, na watoto wake wakaachwa warudi ziwani, ataujaza mto mwenyewe. Ukimwaga vifaranga katika mto ambao mdomo wake umezibwa kwa nyavu na kingo zake zimelimwa hadi majini, fedha itakwisha na samaki hawataonekana.

Mwongozo umeandikwa kwa kuzingatia zaidi sheria na taratibu za Tanzania. Hatua zenyewe zinafaa katika mto wowote unaoingia ziwani, ila anayeishi upande wa Kenya au Uganda ahakikishe taratibu za vibali kwa afisa uvuvi wake.

Machache ya kujua kuhusu ningu

Ningu, ambaye wanasayansi humwita *Labeo victorianus*, hapatikani kiasili popote duniani isipokuwa katika bonde la Ziwa Victoria. Hula mwani na mabaki ya mimea anayoyakwangua kwenye mawe na tope kwa mdomo wake ulioelekea chini. Anaweza kuishi ziwani na katika sehemu za chini za mito, lakini mvua zinapoanza na mto kujaa hupanda kwa makundi hadi kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko pembezoni, akazaa humo katika maji ya kina kifupi. Mayai huanguliwa upesi, na vifaranga hutakiwa kurudi kwenye mkondo kabla maji hayajapwa.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza. Nyavu za makila, yaani nyavu zinazosimamishwa majini na kumnasa samaki kwenye macho yake, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, na zilipozoeleka kutegwa midomoni mwa mito wakati wa mvua, zilimkamata akiwa na mayai tumboni, kundi baada ya kundi. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake, ambao zamani ulikuwa mkubwa, ulikuwa umeporomoka. Leo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, linamhesabu miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ukishaelewa kwamba alimalizwa akiwa njiani kwenda kuzaa, hatua zilizo hapa chini zitaeleweka zenyewe.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Kundi la watu wasiopungua kumi wanaoishi kando ya mto huo, wakiwemo wavuvi wanaofanya kazi sasa na akina mama wanaonunua na kukausha samaki. Kundi la wapenda mazingira peke yao halitoshi.
- Barua ya serikali ya kijiji na ya BMU, pamoja na maandishi ya afisa uvuvi wa wilaya yanayokuruhusu kuvua kwa ajili ya uchunguzi.
- Daftari gumu moja na kalamu za risasi, kwa kuwa wino hufutika kwenye unyevu.
- Nyavu za makila za macho ya ukubwa tofauti, ambazo zitabaki zile zile mwaka hadi mwaka, na wavu mmoja mdogo wa kuchotea vifaranga.
- Ubao wa kupimia urefu wa samaki, mizani, ndoo pana na kipimajoto.
- Kipimo cha oksijeni ya majini. Kama huna uwezo wa kukinunua, omba kuazima kwenye kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), chuo cha uvuvi au ofisi ya maji ya bonde.
- Nguzo imara ya kusimika mtoni, na rangi nyeupe na nyekundu.
- Muda. Kazi hii huhesabiwa kwa misimu ya mvua, na mtu anayetaka matokeo ndani ya miezi sita ni afadhali aelezwe ukweli mapema.

Hatua za kufuata

1. Tambua wenye mamlaka juu ya mto na uzungumze nao kwanza.

Mto mmoja huwa chini ya wengi. Samaki wako chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003; maji yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, inayosimamiwa na bodi ya maji ya bonde; kingo zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004. Na ardhi inayopakana na mto ni ya kijiji au ya watu binafsi. Mwone afisa uvuvi, kisha ofisi ya bonde, kisha jumuiya ya watumia maji kama ipo, na mwisho rudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji ukiwa tayari na majibu. Kama mto wako unatoka nchi nyingine, kama vile Mara unaotoka Kenya au Kagera unaogusa Rwanda, Burundi, Tanzania na Uganda, mwulize afisa uvuvi ni kazi gani tayari inaendelea upande wa juu. Hakuna haja ya kusubiri makubaliano ya nchi na nchi ili kulinda mdomo wa mto ulio kijijini kwako.

2. Chunguza hali ilivyo kwa mwaka mzima kabla ya kubadilisha kitu chochote.

Anza na wazee waliovua mtoni ujanani mwao. Waulize mambo yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole: ningu walikuwa wakipanda hadi wapi, walikuwa wakizaa kwenye mbuga ipi, migono ilikuwa ikitegwa wapi, na ni mwaka gani au tukio gani walipoona wamepungua. Tembea nao hadi mahali penyewe na uweke alama kwenye ramani ya kuchora kwa mkono. Utashangazwa na usahihi wao, hasa kuhusu mazalia, maana mahali pa kuzalia hapabadilikibadiliki ovyo.

Baada ya hapo chagua vituo vitano au sita, kuanzia mdomoni hadi juu ya mahali pa mwisho walipotaja wazee. Katika kila kituo tega nyavu zile zile, kwa idadi ile ile, kuanzia jioni hadi alfajiri, mara moja kila mwezi. Andika idadi ya ningu, urefu wa kila mmoja, na samaki wengine waliopatikana. Takwimu utakayoitumia ni idadi ya samaki kwa wavu mmoja kwa usiku mmoja. Ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha mwezi na mwezi, mwaka na mwaka.

Katika miezi ya mvua, mshike kila ningu kwa mikono iliyoloweshwa na umbonyeze tumbo taratibu kuelekea nyuma. Dume aliye tayari hutoa majimaji meupe kama maziwa, na jike aliye tayari huachia mayai bila kulazimishwa. Andika tarehe, kimo cha maji kwenye nguzo (jinsi ya kuisimika imeelezwa katika hatua ya 4) na kituo. Maandishi hayo mafupi ndiyo yatakayokuambia mto wako hufunguka lini, na hakuna mtaalamu wa kutoka mbali anayeweza kukutajia jambo hilo kwa uhakika kuliko daftari lako.

*Onyo:* usiseme ningu hawapo kwa sababu hukupata hata mmoja katika usiku mmoja au mwezi mmoja. Maji ya kiangazi huwapeleka ziwani na kwenye vina virefu. Kauli ya kwamba hawapo itolewe baada ya kukamilisha misimu yote miwili ya mvua, masika na vuli.

3. Tembea mto wote kwa miguu ukitafuta vizuizi.

Usitegemee picha za setilaiti wala maelezo ya dereva wa bodaboda. Tembea wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, kuanzia mdomoni kwenda juu, na uandike kila kitu kinachoweza kumzuia samaki wa urefu wa kiganja: uzio wa matete na vijiti vya kutegea migono, banio la skimu ya umwagiliaji, kalavati la barabara, lundo la mawe ya wachimba mchanga. Kwenye kalavati tazama upande wa chini. Maji yakitiririka hadi usawa wa mto, samaki atapita; yakidondoka kutoka mdomo wa kalavati kama kwenye ngazi, hapo ndipo safari yake inapoishia.

Pima pia kasi ya maji ndani ya kalavati. Pima mita 10 kwa kamba, achilia kijiti juu ya maji na uhesabu sekunde. Kikipita kwa sekunde 20, kasi ya juu ya maji ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 upate kasi ya wastani, hapa takriban mita 0.43 kwa sekunde. Ningu mdogo akikutana na kasi kubwa kuliko hiyo kwa umbali mrefu, pasipo jiwe la kujipumzishia nyuma yake, atachoka kabla hajafika.

4. Linda mdomo wa mto wakati wa kupanda.

Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili. Wiki chache za mafuriko ya kwanza huamua uzao wa mwaka mzima, na ndizo wiki ambazo samaki hukusanyika mahali pembamba kiasi kwamba nyavu tatu zinaweza kuwakamata karibu wote.

Simika nguzo kando ya mto, mahali pasipopigwa na magogo, na uipake alama nyeupe kila sentimita 10. Kwa kutumia daftari la hatua ya pili, tafuta kimo cha maji ambacho ningu walianza kuonekana wakiwa na mayai, kisha upake mstari mwekundu chini kidogo ya kimo hicho. Makubaliano ya kijiji yawe hivi: maji yakifika kwenye mstari mwekundu, nyavu zote na migono yote huondolewa mdomoni na mtoni, na hazirudi hadi maji yatakapokuwa yameshuka chini ya mstari kwa muda mtakaokubaliana. Njia hii ni bora kuliko kutaja tarehe peke yake, kwa sababu masika yanaweza kuwahi au kuchelewa, na wavuvi wenyewe huuamini mto kuliko kalenda.

Makubaliano ya mdomo hayatoshi, kwa kuwa mvuvi wa kijiji jirani hayamfungi. Yaandikwe kuwa sheria ndogo ya kijiji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982: rasimu hujadiliwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa kwenye mkutano mkuu, kisha huwasilishwa halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe. Ndani ya rasimu taja miezi ambamo ufungaji unaweza kutokea, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, taja mipaka ya eneo kwa alama zinazoonekana, na utaje kimo cha nguzo. Eneo hilo lisiishie mtoni. Lihusishe pia maji ya ziwa yaliyo mbele ya mdomo, pande zote mbili, kwa sababu samaki hukusanyika hapo kabla ya kuingia.

Sasa neno kuhusu haki. Wiki hizo unazozifunga ndizo baadhi ya familia huzitegemea kupata ada na sare za watoto. Ufungaji usiowafikiria watu hao ni dhuluma, tena haudumu. Wavuvi wa mdomoni wapewe nafasi ya kwanza katika ulinzi unaolipwa posho, waruhusiwe kuvua samaki wengine nje ya eneo lililofungwa, na wahusishwe katika kuchagua kimo cha mstari mwekundu. Akina mama wachuuzi nao wakubaliane kutonunua ningu mwenye mayai katika kipindi hicho. Soko likikataa, usiku wa doria huwa mfupi.

*Onyo:* doria isifanywe na kundi lako peke yake. Afuatane nanyi mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kukamata, na asikamatwe mtu wala kunyang'anywa wavu bila yeye. Kokoro, nyavu za timba (za uzi mmoja wa nailoni), sumu na baruti tayari zimekatazwa na kanuni za uvuvi, hivyo huhitaji sheria mpya dhidi yake. Unahitaji kutoa taarifa.

5. Fungua njia.

Uzio wa vijiti na matete hung'olewa kwa mkono, kwa makubaliano na aliyeusimika. Kalavati linalodondosha maji halihitaji kubomolewa mara nyingi. Panga mawe makubwa upande wa chini hadi yatengeneze mteremko mpole unaofikia mdomo wa kalavati, kwa uwiano wa mita 1 ya kimo kwa mita 20 za urefu au zaidi. Maji yakidondoka nusu mita, mteremko wako utakuwa na urefu wa mita 10. Mawe yapangwe kwa kupishana ili kila hatua iwe na kidimbwi cha kupumzikia. Kazi hii ifanywe kwa idhini ya mhandisi wa TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), kulingana na barabara ilivyo, maana mawe yaliyopangwa vibaya yanaweza kuing'oa barabara yenyewe.

Banio ni gumu zaidi, kwa kuwa linahusu chakula cha watu. Zungumza na chama cha umwagiliaji kuhusu mambo mawili. Kwanza, sehemu ya banio iachwe wazi maji yanapofika kwenye mstari mwekundu. Wakati huo mashamba huwa yanapata mvua, hivyo hasara ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Pili, mdomo wa mfereji uwekewe kichujio cha waya chenye matundu yasiyozidi milimita 3, ili vifaranga wanaoshuka wasiingie mashambani. Kichujio hicho husafishwa kila siku, na atajwe kwa jina mtu atakayekisafisha. Kisiposafishwa huziba, mkulima hukosa maji, na kufikia kesho yake waya utakuwa umekatwa.

6. Yarudishie mazalia majani yake.

Ningu huzaa kwenye majani yaliyofunikwa na maji, kwa hiyo mbuga ya mafuriko iliyolimwa hadi ukingoni au iliyochomwa moto kabla ya mvua ni mazalia yaliyokufa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na fukwe za maziwa. Usianze na utepe wa kupimia mita 60, utapambana na kijiji kizima. Anza na yale mazalia mawili au matatu waliyoyaonyesha wazee, uyawekee mipaka, uzuie moto na jembe humo, na nyasi zitarudi zenyewe baada ya mvua. Matete na mafunjo yapandwe pale tu ambapo mizizi yake imekwisha kabisa. Kwenye kingo zinazobomoka panda miti ya asili ya mahali hapo kama mikuyu, na usipande mikaratusi.

Mifugo ihamishiwe kwenye mbauti za kunyweshea zilizojengwa mbali na ukingo, ama iachiwe njia moja ya kunywea iliyowekwa mawe. Kagua pia majosho. Dawa nyingi za kuogeshea mifugo ni za jamii ya pairethroidi, ambazo ni sumu kali kwa samaki hata zikiwa kidogo sana, na josho linalomwagwa kwenye korongo linaloelekea mtoni linaweza kumaliza vifaranga wa msimu mzima kwa siku moja. Vivyo hivyo kwa mabomba ya kunyunyizia dawa yanayosuuzwa mtoni, na kwa utupa unaosagwa ili kulevya samaki.

7. Waokoe vifaranga wanaokwama maji yanapopwa.

Mafuriko yakishuka haraka, hubaki madimbwi yaliyokatika na mto, yakiwa yamejaa vifaranga wasio na njia ya kurudi. Ndani ya siku chache ndege na jua huwamaliza. Pitia mazalia kila asubuhi baada ya maji kuanza kushuka. Pale inapowezekana chimba mfereji mwembamba unaounganisha dimbwi na mto. Njia hiyo ni salama kuliko kuwashika. Isipowezekana, wachote kwa wavu laini na uwabebe kwenye ndoo iliyojaa maji ya dimbwi lile lile, ukiongeza maji ya mto kidogo kidogo hadi joto lilingane. Kazi hii ni rahisi, watoto wa shule wanaweza kuifanya wakiwa na mwalimu mahali pasipo na mamba, na huokoa samaki ambao mto umewazalisha wenyewe bila gharama.

8. Fikiria vifaranga wa kupandikiza, iwapo tu hatua zilizotangulia zimetimizwa.

Masharti ni mawili: misimu miwili ya kupanda imelindwa kikamilifu, na bado hakuna ningu mwenye mayai anayeonekana. Hapo ndipo uwaone wataalamu wa TAFIRI. Ningu amekwisha kuzalishwa kwa kutumia homoni katika vituo vya utafiti vya ukanda huu, hivyo jambo hilo linawezekana, ila halifanyiki kwenye bwawa la nyuma ya nyumba.

Samaki wazazi watoke katika mto huo huo, na wakikosekana kabisa watoke katika mto ulio jirani kuliko yote, kwa kibali. Kuhusu idadi ya wazazi watu wengi hukosea, kwa kuwa jike mmoja hutoa mayai mengi na huonekana kutosha. Chukua hesabu hii: zidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, zidisha jibu mara nne, kisha ugawe kwa jumla ya wazazi wote. Dume 1 na majike 20 watakupa 3.8, maana yake uzao huo wote una utofauti wa kurithi sawa na wa wazazi wasiofika wanne. Madume 25 na majike 25 watakupa 50. Usishuke chini ya hapo, na ubadilishe wazazi kila mwaka.

Vifaranga wasipewe chakula siku moja kabla ya safari. Mfuko ujazwe maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, na usafirishwe usiku au alfajiri. Mkifika, mfuko uelee mtoni kwa nusu saa, kisha uingize maji ya mto kidogo kidogo kabla ya kuwaachia. Waachie kwenye majani ya pembezoni, jioni, wakiwa wametawanywa katika sehemu nyingi. Kata ncha ya pezi moja la tumboni kwa wale wakubwa kiasi, ili baadaye uwatambue.

*Onyo kubwa:* usikubali vifaranga wa mchanganyiko, wala "zawadi" ya sato au kambale wa kufugwa eti mto usikae mtupu. Sangara na sato waliingizwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kuongeza samaki. Furu wengi walitoweka, na ngege na mbiru wa asili wakasukumwa hadi kwenye malambo na maziwa madogo. Samaki akishaingia kwenye bonde haondolewi.

9. Pima, uandike, uwasomee watu.

Rudia uchunguzi wa hatua ya pili kila mwaka kwa nyavu zile zile na vituo vile vile. Dalili ya kwanza ya mafanikio ni kuonekana kwa ningu wadogo wa mwaka huo wakishuka, wala si wingi wa wakubwa. Ukitaka kukadiria idadi yao katika sehemu moja ya mto, wawekee alama samaki unaowakamata leo, waachie, kisha uvue tena baada ya siku chache. Mfano: umewawekea alama 100, mara ya pili umekamata 80 na 10 kati yao wana alama, zidisha 100 kwa 80 ugawe kwa 10, upate takriban samaki 800. Matokeo, mazuri au mabaya, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Mambo yakienda kombo

*Misimu miwili imepita na hakuna mabadiliko.* Kagua usiku kwanza. Mara nyingi nyavu hutegwa baada ya doria kuondoka, au hutegwa ziwani hatua chache nje ya mpaka mliouweka. Usalama wa mdomo ukithibitika, rudi kwenye vizuizi: tega nyavu chini na juu ya kila kalavati na banio usiku mmoja. Ningu wakiwa wengi chini na hakuna juu, umeupata ugonjwa.

*Wakubwa wanapanda ila wadogo hawaonekani.* Tatizo liko kwenye mazalia au kwenye njia ya kushukia. Tazama kama nyasi zilikuwepo maji yalipofika, kisha ukague mifereji ya umwagiliaji na mashamba ya mpunga.

*Wavuvi wamevunja makubaliano.* Itisha mkutano kabla ya kuita polisi. Uliza posho za walinzi zimelipwa lini, na kama wavuvi wa nje walivua wakaachwa. Wenyeji huacha kujizuia wakiona mgeni anavuna.

*Samaki wamekufa kwa wingi.* Pima oksijeni papo hapo, na uipime tena kabla ya jua kuchomoza, saa ambayo huwa chini kuliko zote; ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, samaki wengi huwa taabuni. Chukua maji kwenye chupa safi ya kioo na samaki ambao mashavu yao bado ni mekundu, uwaweke kwenye barafu, na umpigie simu afisa uvuvi na ofisi ya bonde siku hiyo hiyo. Usikimbilie kumtaja mtu. Katika Mto Mara watafiti wameonyesha kwamba kinyesi cha viboko kilichorundikana madimbwini wakati wa kiangazi kinaweza kusukumwa na mafuriko ya ghafla, kikamaliza oksijeni na kuua samaki pasipo sumu yoyote. Machi 2022, maji ya mto huo upande wa Tanzania yalipogeuka meusi na samaki kufa, chanzo chake kilibishaniwa hadharani. Vipimo vya maji vilivyoandikwa mara kwa mara kabla ya tukio ndivyo vinavyoweza kutenganisha jambo la kawaida la mto na uchafuzi, na bila hivyo kila upande utabaki na lake.

*Watu wanaogopa kuwaachia ningu waliokamatwa kwa uchunguzi, wakisema watakufa tu.* Wataishi, iwapo watashikwa kwa mikono yenye maji, wakapimwa haraka, wakawekwa kwenye ndoo yenye kivuli, na nyavu zikakaguliwa kila baada ya saa mbili badala ya kuachwa hadi asubuhi. Mwezi ambao mnataka samaki hai, tegeni kwa saa chache za jioni tu, katika kila kituo na kila mara, na muandike saa hizo daftarini ili hesabu ya usiku mzima isichanganywe nazo.